Sanduku Chini ya Mwavuli Mweusi

KITUO CHA POLISI CHA MAOXI
MAELEZO YA SHAHIDI, AMBAYE PIA NDIYE MLALAMIKAJI

Jina: Kuang Yongnian
Jinsi: Mwanamume
Umri: Miaka 63
Kazi: Mstaafu, zamani fundi wa mitambo ya kusokota nyuzi
Makazi: Nyumba za zamani za kiwanda, Changde, Mkoa wa Hunan
Mpokea maelezo: Afisa Gong Lixin
Tarehe: 19 Septemba 2018, alasiri

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, na nimeelewa. Naomba iandikwe pia kwamba nina haraka. Nimelisema hilo mara tatu tangu nikalishwe kwenye kiti hiki. Afisa Gong amesema kuliandika mara moja kunatosha.

Haraka yenyewe ni hii. Kesho, tarehe 20, kabla jua halijafika utosini, rafiki yangu Lei Fusheng anazikwa kijijini kwao Yanjiaping. Saa hiyo imechaguliwa na mjuzi wa makaburi, na mdogo wake Lei amekwisha kuchimbisha kaburi. Saa hiyo ikipita, mwaka huu hakuna nyingine njema. Kila kitu kiko tayari isipokuwa maiti mwenyewe, ambaye yuko hapa kituoni, majivu ndani ya sanduku, juu ya kabati la majalada, chini ya mwavuli, kwa sababu nimekataa awekwe sakafuni.

Lei alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka miwili. Mimi nilimwita Kaka Lei, naye aliniita Kuang Mdogo hadi nywele zangu zikaniisha kichwani. Tulifanya kazi zamu moja. Tulipostaafu tukawa tunaendesha baiskeli safari ndefu kila vuli, yeye mbele mimi nyuma, tunalala tunapopafikia. Alifariki mwezi wa saba kwa maradhi ya mapafu, ambayo kiwandani kwetu si habari. Mkewe alimtangulia na hawakujaliwa mtoto. Siku zake za mwisho aliniambia, "Kuang Mdogo, ukinirudisha kwetu usinipakie basi. Nitatapika." Wauguzi wakacheka. Mimi sikucheka, maana ni kweli tupu: mtu yule akipanda basi, hafiki kituo cha pili. Ndiyo maana majivu yake nimeyapakia baiskeli.

Afisa Gong amekulia mjini, ameniuliza kwa nini sikutazama mzigo wangu kama watu wenye akili. Nimweleze basi. Anayefia ugenini hafiki kwao peke yake. Lazima mtu amwongoze, amwite kwenye kila daraja na kila njia panda, la sivyo hubaki palepale alipoachwa. Sanduku lake hufunikwa mwavuli mweusi lisipigwe na jua. Halilazwi chini, wala haliingizwi nyumba ya mtu baki. Na anayeongoza hageuki nyuma kumtazama anayeongozwa, maana huyo akiona unamtilia shaka, naye anasita. Bibi yangu alinifundisha hivyo nikiwa mdogo, na sikuwahi kuhitaji elimu hiyo mpaka sasa.

Mnamo tarehe 19 Septemba, siku ya nne ya safari, niliamka kulipopambazuka katika kibanda cha kungojea basi. Nyumba ya wageni ilikuwa imenikataa jioni iliyotangulia. Mwenye nyumba alilitazama sanduku, akanitazama mimi, akasema vyumba vimejaa, na funguo zote zinaning'inia nyuma ya kichwa chake. Nilimwambia Kaka Lei, "Samahani, ni kituo cha basi, lakini basi lenyewe sikupandishi." Yeye angelicheka kwa utani huo. Niliosha uso kwenye mfereji, nikafunga sanduku vizuri kwenye keria kwa mipira ya kufungia mizigo, nikafungua mwavuli juu yake, nikaondoka.

Kulikuwa na ukungu. Kuanzia bonde la kwanza barabara ilikuwa imeanikwa mpunga upande mmoja, mawe yamepangwa pembeni ili magari yasiukanyage. Watu wa kuulinda walikuwa wazee watupu. Kijana sikumwona hata mmoja. Vijana wako viwandani Guangdong wanashona viatu. Niliendesha muda mrefu bila kusikia sauti ya mtu, ila mnyororo wangu na mbwa wachache walionibwekea kwa uvivu.

Palipoanza kilima niliingiwa na upweke, nasema wazi na naomba iandikwe hivyo. Miaka yote kwenye kilima nilikuwa nautazama mgongo wake. Nilijua kupanda kutaisha lini kwa kuangalia mabega yake yanavyolegea. Mara nyingine alinipigia kelele bila kugeuka, "Kuang Mdogo, umekufa huko nyuma?" nami najibu, "Bado kidogo." Leo mbele yangu palikuwa na lami tu. Nilishuka, nikasukuma baiskeli, jambo ambalo asingelikubali, na nikamwambia hivyo.

Kilimani juu palikuwa na mzee anageuza mpunga wake kwa reki. Akaniuliza, "Unaongea na nani, ndugu yangu?"

"Na mwenzangu."

"Mwenzako mwenyewe yuko wapi?"

"Nyuma."

Akatazama nyuma yangu, akauona mwavuli. Aliushika ule mpunga wake kwa reki akausukuma kando, wote, mpaka ukingoni mwa barabara, akatuachia njia ya katikati kama wageni wa heshima. Kisha akavua kofia. Niliposhuka upande wa pili nililia hadi nikashindwa kuiona barabara, ikabidi nishike breki.

Majira ya saa sita mchana niliingia kijiji cha Liushuwan kwa daraja la mawe. Darajani alikuwa ameketi bibi mmoja kwenye kigoda, miguu imevimba, amejitanda shuka. Nilitupa mtoni karatasi ya njano, pesa ya wafu ya kulipia njia, kama kwenye kila daraja, nikaita, "Kaka, tunavuka daraja, nishike vizuri. Nyumbani si mbali tena, wanakungoja." Jina sikulitaja, nilikuwa nimechoka, tangu asubuhi nilikuwa namwita Kaka tu. Yule bibi akainuka. Niliinamisha kichwa kumpa heshima nikapita, kwa sababu mwenye kuongoza hapigi soga.

Ng'ambo ya daraja kuna duka la tambi la Bibi Qin Baozhi. Alitoka na mwiko mkononi. Akaniambia, "Karibu mjomba, baiskeli egesha popote. La, si hapo. Hicho cha nyuma ni nini?"

"Rafiki yangu."

"Basi rafiki yako abaki nje. Sina ugomvi naye, ila nina wateja."

Wateja wenyewe walikuwa wazee wawili wanaocheza karata bila kula chochote. Sikubishana naye, ana haki. Niliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa nje, kwenye kivuli, nikamwambia Kaka Lei ninakula kidogo tu. Nikaingia nikaketi nikiupa mlango mgongo. Bibi Qin aliniletea tambi za mchele na pilipili ya kuchachua. Kisha bila kuombwa alijaza bakuli dogo akalipeleka nje, akaliweka ukutani karibu na baiskeli. Nilimsikia akisema huko, "Kula na wewe, njia ni ndefu." Nilimshukuru. Naomba wema huo uandikwe, kwa sababu dakika chache baadaye nilimtukana.

Nilipotoka, baiskeli ilikuwapo na bakuli lilikuwapo. Sanduku na mwavuli havikuwapo. Ile mipira ya kufungia ilikuwa imekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya siti. Ningekuwa na akili zangu ningejiuliza ni mwizi gani anayekunja mipira. Lakini damu ilinipanda kichwani. Nilirudi ndani nikapiga meza, nikawaambia wale wacheza karata kwamba mmoja wao ameona na atasema.

Mmoja wao, mwenye jino la dhahabu, alinijibu bila kuinua macho kwenye karata zake. "Mzee, mfu hajawahi kuibwa hapa. Hata walio hai hawaibwi, kwa sababu hawapo."

Nikamwambia Bibi Qin kwamba duka lake ni pango la wezi, kisha nikapiga simu polisi. Wahenga walisema hasira hasara. Simu ile ndiyo iliyoniweka kwenye kiti hiki mpaka sasa.

Bibi Qin hakunijibu tusi. Alitoka mlangoni akatazama darajani, akarudi amepoa. Akaniuliza, "Mjomba, ulipovuka ulimkuta bibi kwenye kigoda?"

"Nilimkuta."

"Sasa hayupo. Twende. Lakini nakuomba usipige kelele, wewe mwenye sauti ya mtambo."

Njiani alinieleza. Yule bibi anaitwa Xiang Cuimei, umri wake miaka 79. Mwanawe wa pekee, Tian Mingshan, alikuwa akifanya kazi kwenye mashua ya kuchimba mchanga katika Mto Changjiang, karibu na Jiujiang. Aliangukia majini miaka kumi na moja iliyopita, hakuonekana tena. Baba mtu alikuwa amekwisha kufa, ndugu wa kiume hana, na bibi mwenyewe miguu haimfikishi hata sokoni. Kwa hiyo hakuna aliyekwenda kumwita. Siku isiyo na mvua yeye hukaa darajani, maana yeyote atakayemleta hana budi kupita hapo. Nilimuuliza Bibi Qin kwa nini hawamwambii ukweli. Akasema, "Ukweli gani? Anajua amekufa. Anangoja aletwe."

Nyumba yake iko kando ya kijito, unavuka kidaraja cha mbao. Mlango ulikuwa wazi. Mwavuli wangu ulikuwa umefunguliwa hapo kizingitini ukikinga jua. Sanduku la Kaka Lei lilikuwa juu ya meza, mbele ya rafu ya mababu, limefutwa vumbi, na mbele yake bakuli la wali na udi unawaka. Yule bibi alikuwa ameketi karibu, mkono juu ya sanduku, anaongea naye taratibu.

Nilimsikia akisema, "Umekuwa mwepesi, mwanangu. Huko walikulisha nini?"

Nilikuwa nimekuja na maneno makali mdomoni. Nikayameza.

Aliponiona alisema, "Ndugu, kaa. Wewe ndiye uliyemleta. Nimekuombea tangu darajani. Utakula."

Nikasema, "Mama, huyu si Mingshan. Huyu anaitwa Lei Fusheng. Ninampeleka kwao Yanjiaping."

"Nimekusikia ukisema nyumbani si mbali."

"Nyumbani kwake, mama."

Nilitoa cheti cha hospitali. Akakishika kichwa chini miguu juu, akanirudishia. "Karatasi hunena wanalotaka wenye karatasi. Mimi niliambiwa na karatasi kwamba mwanangu hayupo kazini."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami sikujaliwa mtoto. Nikawaza kumnyang'anya. Bibi Qin aliona, akanishika mkono. Basi nikakaa kwenye benchi nikaanza kumsimulia Kaka Lei alivyokuwa, kwa kukosa njia nyingine: kwamba alikuwa mfupi, kwamba alikoroma, kwamba alimpikia mkewe miaka yote kwa sababu mkewe aliunguza kila kitu, kwamba tunasafiri kwa baiskeli kwa kuwa basi humtapisha hata likiwa limesimama.

Hapo mkono wake ukatulia juu ya sanduku. Akauliza, "Basi linamtapisha?"

"Vibaya sana. Ndiyo maana nimempakia baiskeli."

Kisha akasema, "Wangu alipenda mabasi. Alipokuwa mdogo nilimpandisha bure mpaka mwisho wa njia na kurudi, kwa sababu dereva alikuwa binamu yangu. Hakutapika hata mara moja." Akauondoa mkono wake sandukuni, akauweka mapajani. "Mchukue."

Sikufurahi. Nilidhani nitafurahi, lakini nilijiona kama mtu aliyeingia nyumba ya mjane akatoka na chungu chake.

Nililifunga sanduku kifuani mwangu kwa shuka alilonipa mwenyewe, nikachukua mwavuli. Tulipofika kidaraja cha mbao alikuwa ametufuata kwa kujikokota, anashika ukuta. Akaniambia, "Mwite kwa jina. Nilimvusha hapa kwa jina la mwingine. Asije akabaki kwangu."

Nilifungua mdomo nimwite. Nimemwita mtu yule kwenye madaraja ya siku nne, na pale nilishindwa, kwa sababu ilinijia kwamba haya ndiyo maongezi yetu ya mwisho na yanakaribia kwisha. Bibi Xiang ndiye aliyeita. Alisimama nyuma yangu akaita kwa nguvu, "Lei Fusheng, toka, vuka, mwenzako anakungoja." Aliita tena na tena mpaka nikavuka. Mimi sikugeuka.

Afisa Gong na mwenzake walitukuta hapo, majira ya saa nane. Nilisema nimeshapata kitu changu na wanisamehe kwa usumbufu. Wakasema kuchukua majivu ya mtu ni jinai, simu imeshaandikishwa, lazima maelezo yachukuliwe. Ndipo tukaletwa kituoni: mimi kwa baiskeli, kwa sababu Kaka Lei hapandi gari, na Bibi Xiang kwa gari.

Sasa najibu maswali.

Nimeulizwa kama nilimpa Bibi Xiang ruhusa kulichukua sanduku. Sikumpa. Siwezi kusema uongo juu ya hilo.

Nimeulizwa basi kama aliliiba. Mwizi huficha. Huyu aliliweka mezani mlango ukiwa wazi, akalitengea wali, akawasha udi. Mipira yangu aliikunja. Kama huo ni wizi, naomba niibwe hivyo siku yangu itakapofika, maana sioni nani mwingine atakayenifanyia.

Nimeulizwa kama nataka ashtakiwe. Sitaki. Ninaifuta simu yangu. Atakayeniuliza kwa nini, asome juu.

Nimeulizwa kama kuna jambo jingine. Lipo. Wakati tunangoja zamu yetu kwenye benchi la nje, Bibi Xiang aliniuliza, "Nani amekutuma kumleta huyu?"

Nikasema, "Hakuna. Tulikuwa tunaendesha pamoja."

"Na ukishamfikisha, utaendesha na nani?"

Swali hilo nilikuwa nalikimbia tangu mwezi wa saba. Nikasema sijui. Nikasema labda baiskeli nitaiuza.

Akaingiza mkono ndani ya koti lake akatoa shati la kiume la buluu, la mwanawe, limekunjwa, kola imechakaa. Akasema wenye sanduku huletwa kwa sanduku, na wasio na sanduku huletwa kwa nguo yao. Akaniambia hanilazimishi, mimi ni mzee pia, na Jiujiang ni mbali. Akasema pia kwamba Mingshan ni mtu wa maneno mengi, hatanichosha njiani.

Nimelipokea. Naomba iandikwe kwamba nimelipokea kwa hiari yangu, mbele ya Afisa Gong, na mtu yeyote asije akasema kesho kwamba nimemlaghai bibi wa watu.

Nimemaliza. Niliyoyaona nimeyasema, na niliyoyasikia nimeyasema kama yalivyosemwa. Nimesomewa, nimeyaona ni sahihi, ila pale palipoandikwa "mshtakiwa Xiang" nimeomba pafutwe, pamefutwa.

(Sahihi na dole gumba) Kuang Yongnian

MAELEZO YA AFISA: Maelezo haya yamechukuliwa na mimi, Gong Lixin, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na robo, na kusomwa kwa shahidi mbele ya mwenzangu wa zamu. Lalamiko limefutwa, jalada limefungwa. Shahidi alipewa nafasi katika gari la kituo hadi Yanjiaping ili awahi, akakataa kwa sababu zilizotajwa hapo juu. Aliondoka kwa baiskeli akiwa na sanduku, mwavuli na shati moja la kiume la buluu. Bi. Xiang Cuimei nilimrudisha nyumbani mwenyewe. Njiani aliniuliza Jiujiang iko upande gani, nikamwonyesha mashariki.

NYONGEZA, tarehe 20 Septemba: Saa saba mchana kituo kilipokea simu kutoka kwa Lei Fuquan, mdogo wa marehemu. Amesema kaka yake amefika kabla ya saa iliyopangwa na amezikwa salama. Alipiga kwa sababu alitaka namba ya Kuang Yongnian ili amshukuru. Nilimwambia amshukuru hapohapo ana kwa ana. Akasema haiwezekani, Kuang amekwisha kuondoka kuelekea mashariki, hakungoja hata chakula cha matanga.